Mei ni mwongo: nyanya zangu 22 na kazi za ploti mwisho wa springi

Jana nimetoka ploti, kale kashamba kangu ka mboga hapa Reading, Uingereza, saa tatu kasorobo usiku na jua bado linanipiga usoni, nikaona leo ndo leo, nikampigia mama video aone mwenyewe, maana miaka yote nikimwambia huku jua linazama saa tatu usiku anajua namtania. Nikasahau kwamba Njombe ilikuwa saa tano kasorobo. Kapokea kajifunika blanketi mpaka kidevuni, taa hata hajawasha, "Kamwene baba, kuna msiba?" Nikamwambia hamna msiba mama, nakuonyesha jua tu. Akalitazama weee, kimya, afu akauliza swali moja: "Na umande?"

Umande wa mama ni ile baridi inayogandisha nyasi alfajiri na kuunguza mimea. Hilo swali lina historia yake na ndo limenifanya niandike hii posti, kwa sababu kila mwaka ikifika wiki hizi za mwisho wa Mei napata meseji za ndugu zangu wa Leicester, Coventry, wengine hadi Glasgow huko, wanauliza bro saivi napanda nini, mchicha wangu mbona haukui, sukuma yangu imeliwa yote, nyanya nitoe nje au bado. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Sasa naandika yote hapa, na makosa yangu humo humo.

Kwanza nijitambulishe kwa wageni. Mi ni mtu wa Njombe, nipo Reading mwaka wa tisa huu, kazi yangu ya kuniingizia hela haina uhusiano wowote na udongo. Ploti nimeipata mwaka wa nne sasa baada ya kukaa kwenye foleni mpaka nikasahau kama niliomba. Kwa wasiojua, huku mtu anayekaa nyumba isiyo na eneo anaweza kukodi kipande cha ardhi alime mboga, wanaita alotimenti, na halmashauri zinabanwa na sheria ya zamani kabisa ya 1908 zitafute ardhi kama watu wanahitaji. Ploti kamili ni kama mita za mraba 250, ila siku hizi wengi tunakatiwa nusu. Nilipomtumia mama picha ya hiyo nusu yangu aliandika: "Kitalu nimekiona. Shamba liko wapi?"

Sasa nyanya. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na moto sana. Nyanya nilizipanda kwenye trei dirishani tangu mwezi wa tatu, miche 24, mizuri, shina kama kalamu. Ikaja wiki ya kwanza ya Mei, jua kali, digrii 24, watu wametoa kaptula na majiko ya kuchomea nyama, nikasema basi majira yameshaingia, kwetu mvua ikishanyesha mara mbili za nguvu unasubiri nini tena, unapanda. Tarehe 6 nikazipeleka zote ploti, nikazipandikiza, nikaziwekea vijiti, nikapiga picha, nikapost. Watu mkalike sana tu.

Wakati napanda akapita jirani yangu wa ploti, mzee mmoja Mpolandi, Kiingereza chake na changu tunasaidiana. Akasimama, akaangalia nyanya, akaangalia angani, akanyoosha kidole akasema "Zośka". Akaondoka. Mi nikajua Zośka ni mke wake, labda anataka nimpe mke wake nyanya zikiiva, nikaitikia yes yes, no problem.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 anga likawa jeupe kabisa, nyota zote unaziona, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Asubuhi nimefika ploti nikakuta nyasi nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Nyanya zilikuwa zimelala chini, majani meusi, malaini, kama mchicha uliochemshwa ukasahaulika jikoni. 22 zimekufa. Mbili zilizopona ni zile zilizokuwa zimebanana na pipa langu la maji ya mvua, maji yanashika joto la mchana yanaliachia usiku kidogo kidogo, sikulijua hilo, ni bahati tu niliishiwa nafasi nikazichomeka pale.

Baadae mzee akanielezea kwa mikono na simu yake ya kutafsiri. Zośka ni Sofia. Tarehe 15 Mei kwao ni siku ya Mtakatifu Sofia, wanamwita Zośka wa baridi, na siku tatu kabla yake, tarehe 12, 13 na 14, ni za watakatifu Pankrasi, Servasi na Bonifasi ambao wanawaita "watunza bustani wa baridi". Mpolandi wa kijijini hatoi nyanya nje mpaka Zośka apite, Wajerumani nao wana watakatifu wao hao hao wanaowaita watakatifu wa barafu. Waingereza wana msemo wao kwamba usivue nguo nzito mpaka Mei iishe, na wenyewe wanabishana hadi leo kama hiyo Mei ni mwezi au ni yale maua meupe ya miiba yanayochanua kwenye ua huu msimu na yenyewe yanaitwa mei. Yani bara zima linajua Mei ni mwongo, mi peke yangu ndo sikuambiwa.

Kumbe niliambiwa. Nilipompigia mama kulia nyanya zangu aliniuliza ploti yako iko mlimani au bondeni. Nikamwambia bondeni, karibu na kijito, ndo maana udongo mzuri. Akacheka, kile kicheko cha mtu anayejizuia. "Baba, wewe umezaliwa wapi?"

Na kweli, nimezaliwa wapi. Njombe mjini ni karibu mita elfu mbili juu, Makete huko ndo usiseme, Juni na Julai kuna asubuhi unaamka bonde lote jeupe, viazi vimeungua majani kama vimepitiwa na moto. Watoto tulikuwa tunaokota vipande vya barafu kwenye ndoo tunamung'unya njiani kwenda shule. Mama analima vinyungu, zile bustani za bondeni za kiangazi ambapo maji yapo karibu, na viazi vyake vya bondeni hapandi mpaka ile baridi ya Julai ipite, vya mlimani ndo anapanda mapema. Ukimuuliza kwanini atakwambia baridi inatembea kama maji. Usiku usio na mawingu ardhi inatoa joto lake lote linapanda juu, hewa inayoigusa inapoa, inakuwa nzito, inateremka taratibu mpaka bondeni inatuama pale. Mawingu yakiwepo ni blanketi. Upepo ukiwepo unaichanganya. Ila anga jeupe, kimya, bondeni, hapo funika. Haya yote niliyajua tangu mdogo afu nikapanda ndege nikaja Ulaya nikayaacha pale Songwe eapoti, kwa sababu kichwani kwangu baridi ya Njombe ni baridi ya nyumbani na baridi ya Uingereza ni ya kwenye programu ya simu.

Na ile programu ya simu jamani muwe nayo makini. Ikikwambia digrii 4 ni joto la hewa, mita moja na kitu kutoka chini, na pengine kipimo kiko mjini huko kwenye lami na majengo. Chini kabisa kwenye majani yako bondeni inaweza kuwa sifuri. Mi sheria yangu, ikisoma 5 kushuka chini na anga jeupe, nafunika. Kile kitambaa cheupe chepesi wanachouza kwenye maduka ya bustani kinatosha, gazeti linatosha, shuka la zamani linatosha, nailoni tu ndo usiilaze moja kwa moja juu ya jani, pale inapogusa ndo panaungua.

Kwaiyo kazi namba moja ya wiki hizi sio kupanda, ni kuzoesha. Mche uliolelewa dirishani ni kama mtoto wa mjini, jani lake laini, hajawahi kuona upepo, hata jua lenyewe kali linamuunguza anakuwa na mabaka meupe. Wiki nzima mpaka siku kumi unautoa nje mchana, kivulini kwanza, unaurudisha ndani usiku, siku za mwisho mwisho ndo unaulaza nje kama usiku una joto. Majirani zangu wa mtaani wameshanizoea, asubuhi natoka na trei jioni naingia na trei, kama mtu anaanika dagaa na mvua inanusa nusa. Mke wangu amehesabu mwaka huu trei 11. Kaniuliza sisi tukae wapi.

Baridi basi mama aliijua. Kitu ambacho hakukijua yeye wala mimi wala mtu yeyote kwetu ni mwanga, na hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu ndo jibu la maswali nusu mnayoniuliza.

Kwetu siku ni masaa 12, leo, kesho, Krismasi, ni zile zile, inaongezeka au kupungua nusu saa hivi na hakuna anayeona. Hapa Reading saivi jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku, masaa 16 na zaidi, na bado siku zinarefuka mpaka tarehe 21 Juni. Mimea ina hesabu. Inahesabu usiku, inajua ni majira gani kwa urefu wa giza, na mmea wa kwetu ukiletwa huku hesabu yake inavurugika kabisa.

Mwaka wa pili kuna jamaa alinigawia mbegu za mahindi meupe ya kwetu, sijui alizipataje na wala usijaribu kubeba mbegu kwenye begi bila cheti cha afya ya mimea, watakunyang'anya eapoti na wana haki. Nikazipanda mwisho wa Mei kama inavyotakiwa. Aisee yaliota. Yakapanda, Julai yamenizidi urefu, Agosti watu wanakuja kupiga picha, bibi mmoja akaniuliza kama ni mianzi. Ila hakuna mbelewele. Mahindi ya tropiki yanasubiri siku fupi ndo yatoe maua, na siku zikiwa ndefu yanaendelea tu kuongeza majani na shina. Mbelewele zimekuja kutoka mwishoni mwa Septemba, Oktoba baridi imepiga, nimevuna mabua. Mama akauliza una ng'ombe? Sina. Basi ndo hivo.

Kwaiyo mahindi huku nunua mbegu za huku huku, yale matamu ya kuchoma na kuchemsha, hayana hiyo hesabu. Wiki hii ndo wakati wake. Na usipande mstari mmoja mrefu kama mpaka wa shamba, panda pande la mraba, mistari minne kwa minne hivi, sentimita 40 katikati, kwa sababu chavua yake inabebwa na upepo na kwenye mstari mmoja upepo unaipeleka kwa jirani, unapata gunzi lina punje kama meno ya mzee. Ugali? Ugali wa dukani, kubali tu.

Chainizi ni kinyume chake. Mahindi ya kwetu siku ndefu zinayachelewesha kutoa maua, chainizi siku ndefu zinaiharakisha. Ukiipanda Aprili ukaona inakuja vizuri, mwisho wa Mei inachomoza kikonyo katikati, maua ya njano, jani linakuwa chungu na gumu, kwisha. Dada mmoja wa Coventry alinitumia picha analalamika mbegu feki. Sio feki dada, ni mwanga. Ipande kuanzia katikati ya Julai siku zikianza kupungua, utakula mpaka Oktoba. Saivi weka sukuma wiki na mchicha.

Vitunguu maji navyo hivo hivo, aina za huku zinataka siku ya masaa 14 na kuendelea ndo zianze kutunga kitunguu, Red Creole na Bombay Red tulizozoea nyumbani zinatunga kwenye siku fupi. Ukimtumia mjomba wako mbegu nzuri za Uingereza za vitunguu umemtumia majani.

Mchicha sasa. Watu mnauharakisha. Mchicha hautaki udongo baridi, ukiumwaga Aprili unakaa tu unakuangalia, mbegu nyingine zinaoza. Umwage sasa, wiki ya mwisho ya Mei au ya kwanza ya Juni, udongo ukiwa na joto, juu juu tu usiuzike, utauona siku ya tano. Kuna kipimo cha wazee wa Kiingereza cha kujua udongo umepata joto, ntakiacha maana kinahusu kuvua nguo na kukaa chini. Mi naweka mkono nahesabu mpaka sitini, ukiona unatamani kuutoa bado.

Maboga ndo mapenzi yangu. Yanatoka nje mwisho kabisa kwa sababu hayana uvumilivu hata kidogo, jalidi, yani ule umande wa barafu, ikiyapitia ya dakika tano tu yanakuwa maji. Ninayapanda juu ya lundo la mboji, yanapenda uchafu huo, na nakupa siri, sipandi kwa ajili ya boga. Mwaka juzi bibi mmoja wa ploti ya juu, mtu mwema sana ananiletea keki, alinikuta nakata ncha za maboga na majani machanga naweka kwenye ndoo, akashika kifua. Alijua nimechanganyikiwa au mmea una ugonjwa. Nikamwambia nakula. Akasema unakula nini. Nikakaa naye kwenye benchi nikamuonyesha kumenya zile nyuzi za kwenye kikonyo, unavunja unavuta zinakuja na ngozi, nikampa fungu na karanga za kusaga nikamwandikia jinsi ya kupika. Wiki iliyofuata kaja na bakuli tupu anataka tena, na kamwambia nusu ya ploti, sasa watu wananiletea majani ya maboga yao wakidhani wananisaidia, na mi sikatai.

Koa. Niliweke hili hapa kwa sababu bila hili yote hapo juu ni bure. Koa ni yule konokono asiye na nyumba, na Uingereza hii ya mvua nyembamba ndo pepo yake. Mche wa boga unaoutoa nje jioni una majani manne, asubuhi una kijiti. Huku zamani watu walikuwa wanamwaga vidonge vya bluu vya metaldehidi ila vimepigwa marufuku kutumika nje tangu 2022, vilikuwa vinadhuru ndege na nungunungu wadogo wa huku, na mi naona sawa tu. Kinachofanya kazi kwangu ni tochi. Saa nne na nusu usiku giza likishaingia vizuri, hasa baada ya manyunyu, unavaa taa ya kichwani unaenda unaokota kwenye ndoo. Usiku mmoja nimeokota 140 kwenye nusu ploti, nilihesabu kwa hasira. Kuna wanaofukia kikombe cha mtindi chenye bia, koa anafuata harufu anazama, inafanya kazi, ila nilipomsimulia mama kwamba huku tunawanunulia wadudu bia alikaa kimya muda mrefu kidogo afu akabadilisha mada. Kingine, mwagilia asubuhi sio jioni. Ukimwagilia jioni umewatandikia koa zulia jekundu usiku kucha.

Viazi mviringo, hapa ndo najisikia niko nyumbani. Vilivyopandwa kuzunguka Pasaka saivi vimefika sentimita 20, unapandishia udongo na jembe kutoka pande zote mbili mpaka unabakiza ncha ya juu tu, unarudia baada ya wiki mbili tatu. Wenzangu wanadhani ni kwa ajili ya kupata viazi vingi, kweli vinaongezeka, ila kubwa ni kwamba kiazi kikiona jua kinakuwa kijani na hicho ni sumu. Na kama programu inatisha na vikiwa bado vifupi, unavifukia kabisa majani yote, vitatoka tena. Kiazi hata kikiungua majani kina mtaji chini, kinachipua upya, unapoteza wiki mbili tatu basi. Nyanya haina mtaji huo, nilijifunza kwa gharama ya 22. Ugonjwa wa baka jani bado, huku unaanza kusumbua mwishoni mwa Juni na Julai kukiwa na joto lenye unyevu, ila ukianza kwenye viazi unaruka kwenye nyanya, ni ugonjwa ule ule, kwaiyo usivipande jirani. Mi nimevipanda jirani. Nafasi.

Jembe nililotaja ni jembe kweli, la mpini mrefu la kuinua na kushusha. Waingereza hawana, wao wana sepetu wanaikanyaga kwa mguu na uma mkubwa, na kijijembe cha kusukuma mbele nyuma kukata magugu kama unapiga deki. Siku ya kwanza nimeinua jembe watu walisimama. Na kumbe yale majembe ya chapa ya mamba yaliyosambaa Afrika yalikuwa yanatengenezwa hapa hapa, Wolverhampton, na kiwanda cha Chillington, wametengeneza miaka yote wakatuletea sisi, wao wenyewe wanakanyaga sepetu. Ila kile kijembe cha kusukuma nimekikubali, siku kavu ya jua la saa sita unapita nacho juu juu, magugu madogo yanabaki yamelala yanakauka yenyewe, dakika ishirini ploti safi. Isipokuwa ile kamba yenye maua meupe kama tarumbeta na ile nyasi ndugu yake sangari yenye mizizi mirefu myeupe, hizo ukizikata umezizidisha, kila kipande kinaota, chimbua na uma polepole uvute mzizi mzima. Na fanyeni hiyo kazi mapema kwa sababu mwezi huu ndo kamati inapita kukagua, ploti yenye majani kiunoni inapata barua. Nilipata mwaka juzi nilivyorudi kutoka msibani. Sitaki kuongelea.

Mengine haraka haraka. Sukuma wiki na kabichi funika neti siku ile ile unayopandikiza, sio kesho, njiwa wa huku ni majambazi na yule kipepeo mweupe ameshaanza kutaga, geuza jani uangalie chini vimayai vya njano vifinye na kidole. Neti isiguse majani, wanatagia juu yake. Karoti zilizoota zimebanana zipunguze jioni na ondoka na ulizong'oa, harufu yake inaita inzi wa karoti. Maharage ya kupanda juu ya miti, yale yenye maua mekundu, weka miti kwanza ndo upande, mita mbili na nusu, ukingoja yaanze kuzagaa utayakata ukiyafungua. Nyanya za ndani ya grinihausi toa machipukizi ya kwapani kila wiki, bana kwa vidole yakiwa madogo. Stroberi tandika majani makavu chini. Mbolea ya viwavi, namaanisha yale majani ya huku yanayowasha kama upupu, loweka kwenye ndoo yenye kifuniko wiki mbili, changanya moja kwa kumi na maji, na usifungue kifuniko hicho siku majirani wanakula nje. Nimeshaambiwa niombe radhi.

Mama kwa upande wake wiki hii anasafisha vinyungu, mvua kwao zimeshaisha, mahindi yanakauka shambani, sasa kazi inahamia bondeni. Tunafanya kitu kimoja kabisa, yeye anaingia baridini mimi natoka, tunakutana hapa katikati mwisho wa Mei wote tunaangalia nyota na kuhofia asubuhi. Leo kanitumia sauti ya dakika nne, tatu na nusu ni majina ya watu niwasalimie, mwisho kasema, "Hujanijibu, umande umeisha au haujaisha?"

Tarehe ya Zośka imepita wiki mbili nyuma. Nyanya ziko nje tangu Jumamosi, 18 mwaka huu, sita za mwanzo zimezunguka pipa. Programu inasema digrii 4 usiku huu, na nimechungulia dirishani sasa hivi, hakuna wingu hata moja. Nimeenda nimefunika, nimefukia na vile viazi vya nyuma vilivyochelewa. Maboga yamerudi jikoni, trei nne chini ya meza, mbili juu ya mashine ya kufulia. Nimemjibu mama haujaisha.